Sista na Neno Mbwa Mwitu

Juzi nilikuwa naanika nguo hapa kwa ploti yetu Kitengela, na binti wa jirani, Mwende, anayejiandaa kwenda chuo kusomea afya ya mifugo, akanisogelea na swali. "Mama Nafula, ni ukweli kazi yako ilikuwa kupigisha mbwa mswaki?"

Nilicheka mpaka vibanio vikaniponyoka mkononi. Sijui nani alimwambia hivyo. Lakini ungeniona kwa mbali miaka ile, nimechuchumaa kando ya boma huko Mashuuru, kijiti mkononi, mbwa wa watu nimemfungua mdomo, ungesema nini kingine? Basi Mwende, na wenzako wote mnaoingia kazi za wanyama, kaeni niwaeleze. Msiniharakishe. Nikianza kuzungumzia mbwa huwa napotea kidogo, na huko kupotea ndiko raha yangu siku hizi.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua mate. Kijiti chenye pamba unakiingiza kati ya shavu na fizi, unasugua polepole, unakifungia kwenye kichupa, kichupa kinaingia kwa sanduku la barafu, na sanduku linaenda maabara Nairobi. Huko mkubwa wangu, Daktari Halima, alitoa vinasaba kwenye yale mate akavisoma. Swali lake lilikuwa moja, na lilinizidi kimo: mbwa alianzaje kuwa wetu? Mbwa na mbwa mwitu ni wa nyumba moja. Walitengana wapi, na ni nini kilibadilika ndani yao walipotengana?

Na mimi nilikuwa naogopa mbwa! Kwetu Kakamega mbwa wa jirani aliwahi kunikimbiza mpaka nikaingia mtoni na sare ya shule. Siku yangu ya kwanza kazini nilikataa kushuka garini. Dereva wetu alikuwa Parmuat, Mmaasai wa huko huko Kajiado, ambaye pia alikuwa mkalimani wetu kwa sababu Kimaa changu kiliishia kwa salamu na majina ya wanyama wa nyumbani. Aliniangalia kwenye kioo akasema, "Daktari, hiyo mbwa haina shida na wewe. Ni wewe unaiambia kuna kitu ya kuogopa."

Mimi si daktari. Nilimwambia hivyo mpaka nikachoka. Huko, ukishuka kwa gari na sanduku, wewe ni daktari na maneno yameisha.

Parmuat ndiye alinifundisha kazi. Usimkodolee mbwa macho. Usimwendee moja kwa moja, zunguka kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Chuchumaa umempa ubavu. Mnyooshee mgongo wa mkono, si kiganja. Halafu ngoja. "Ngoja mpaka usahau unangoja," alikuwa akisema. Hapo ndipo unapohisi pua ya baridi kwenye kidole. Hata leo nikihisi hiyo pua mwili wote unalegea, nasikia usingizi mtamu wa mchana.

Alinifundisha pia jambo la kidole. Weka kipande cha ugali chini, mbali kidogo, kisha kinyooshee kidole. Mbwa wa nyumbani ataangalia kule unakoonyesha. Mnyama wa porini ataangalia kidole chako. Hakuna mtu aliyekaa na mbwa kumfundisha hilo. Hata kitoto ambacho bado kinayumba miguu kinalijua, na nilipomwambia Daktari Halima alifurahi, akasema huko kwa wasomi pia wamelitazama wakaona ni hivyo hivyo.

Makosa? Uwii, tele. Kule Embulbul mbwa alimeza kijiti, tukashinda pale tukingoja kitoke, na mwenye mbwa akazidi kutuletea chai akidhani tumenogewa na hadithi zake. Namanga kulikuwa na mbwa waliokula upande wa Kenya wakalala upande wa Tanzania, na mimi na Parmuat tukabishana kutwa nzima kuhusu nchi yao. Lakini lile nililochekwa zaidi lilikuwa hapa hapa Kitengela. Nilichukua mate ya mbwa aliyekuwa ametoka tu kichinjioni, bado anajilamba. Baadaye Daktari Halima ananipigia simu. "Nafula, hongera sana. Umetupatia mbwa ambaye ni mbuzi."

Tangu hapo mbwa akishakula, mimi nakaa chini kwanza. Wewe pia Mwende, ukaze moyo, ukae chini.

Daktari Halima mwenyewe alikuwa Mwislamu wa kutoka Garissa, watu wake ni wa biashara ya mifugo. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa, unaosha mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Alivaa glavu kila wakati, na bado pale maabarani, kando ya mashine zake, palikuwa na mkebe wa udongo safi. Mimi ndiye nilimletea, ule mwekundu wa Mashuuru. Kuna siku nilimuuliza, "Daktari, si ungesoma ng'ombe tu ukae kwa amani?"

Aliendelea kuosha mikono taratibu. "Mama yangu alikuwa na mbwa wa kulinda mbuzi," akasema. "Ndani ya nyumba hakuingia hata siku moja. Lakini mama hakupata usingizi mpaka amsikie nje. Mimi nataka kujua ni nani alimweka pale mlangoni."

Nilimpenda sana siku hiyo.

Yeye ndiye alinieleza kwamba ukipanga vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu pamoja, karibu vyote vinafanana. Tofauti ni chache, na nyingine ziko tumboni. Mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayosaidia kuvunja wanga, lakini mbwa wengi wa nyumbani wako nazo nyingi. Wanga ni nini? Ni ugali! Damu ya mbwa ilijifunza kula chakula chetu. Tofauti nyingine ziko kwenye woga: mbwa hashtuki upesi, na akishtuka anatulia upesi. Nyingine ziko usoni. Kuna kamsuli kadogo juu ya jicho la mbwa kanakoinua nyusi, ndiyo maana unashindwa kumaliza nyama yako akikutazama.

Na mwanzo wenyewe? Hakuna aliyekuwepo. Wanasema ilikuwa mbali, nchi za baridi, kabla mtu hajalima shamba, na mbwa walifika huku kwetu wakiwa mbwa tayari, wakifuata watu na mifugo yao. Wako wanaosema mtu alichukua vitoto pangoni akavilea. Wengine wanasema hapana, mnyama mwenyewe ndiye aliyesogea, kidogo kidogo, kwa ajili ya makombo.

Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu ya asubuhi za Kitengela. Nenda nyuma ya vichinjio jua likiwa bado chini na ukungu umelalia mbuga. Utaona mbwa koko wamekaa kwa duara pana. Waoga wako mbali, unawaona nusu nusu. Wenye moyo mtulivu wako karibu. Mtu wa kichinjio anarusha utumbo, na walio karibu ndio wanaokula. Sasa piga hesabu mwenyewe, ni watoto wa nani watakaokua? Nilikuwa nasimama pale na kikombe changu cha chai nikiwatazama mpaka nisijue tuko mwaka gani. Ukungu ulifuta magorofa, ukafuta barabara ya Namanga na malori yake, ukaacha moto wa mtu mmoja na macho ya mnyama anayefikiria. Chai ilikuwa inapoa mkononi. Nilikuwa nachelewa kazini karibu kila wiki, na Parmuat alikuwa anapiga honi huku akinitukana kwa Kimaa.

Haya, nifike kwa Sista.

Mbele ya Mashuuru kulikuwa na mama kijana anaitwa Nasieku. Mumewe alikuwa mlinzi Nairobi, kwa hiyo mbuzi alichunga yeye, mtoto mgongoni. Mwenzake wa malishoni alikuwa mbwa jike wa kahawia, sikio moja limeraruka. Aliitwa Sista kwa sababu Nasieku alipewa na masista wa misheni. Kila asubuhi ungesikia, "Sista! Wewe Sista, toka kwa maziwa!" na Parmuat, mtu wa kanisa, anaangalia chini. Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi, majani ya karibu yamekwisha. Bila Sista, Nasieku asingethubutu kupeleka mbuzi mbali na mtoto mgongoni, na bila kwenda mbali mbuzi wangekufa.

Mwenye boma alikuwa baba mkwe wake, Mzee Lemayian, mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Zamani kundi la mbwa mwitu lilivamia mbuzi wake, na alichokuta asubuhi hataki mpaka leo kukieleza. Sasa huyu Sista alikuwa amepotea porini, akarudi na mimba, akazaa vitoto vinne. Mzee alikuwa hajasema kitu. Alikuwa anavitazama tu.

Tukafika sisi. Nikaeleza kama nilivyoeleza kila boma. "Mzee, tunatafuta historia. Mbwa wote mnaofuga, hata huyu Sista, wametokana na mbwa mwitu." Parmuat akatafsiri. Mzee Lemayian akasimama.

Sikilizeni vizuri hapa. Kiswahili chetu kina jina moja kwa wanyama wawili. Kuna mbwa mwitu wa nchi za baridi, wa kijivu, ambaye ndiye babu wa mbwa. Na kuna mbwa mwitu wetu huku, mwenye mabaka na masikio ya duara, anayewinda kwa kundi na kumaliza mbuzi. Huyu wetu ni ukoo mwingine kabisa, hata kuzaa na mbwa hawezi. Lakini Kiswahili kinawaita wote mbwa mwitu na kwenda zake. Kimaa hakina mchezo huo. Mbwa wa nyumbani ni oldia, na yule wa mabaka ni osuyiani, hawakaribiani hata kwa jina. Yule wa baridi Parmuat hakuwa na neno lake, kwa hiyo alitafsiri alichokijua. Alimwambia mzee kwamba mbwa wote ni watoto wa osuyiani.

"Nilijua," mzee akasema kwa Kiswahili, ili nimsikie. "Nilijua hii mbwa ilienda kuolewa huko. Sasa hata daktari amesema." Akachukua rungu lake. "Mama na watoto. Yote."

Nasieku hakupiga kelele. Alikaa chini mbele ya Sista, akatandaza shuka juu ya vile vitoto. "Yeyo," akaniambia, mama kwa Kimaa, "rudisha hiyo maneno."

Ai! Neno unarudisha vipi? Nilianza kubabaika. "Ngoja Mzee, si huyo mbwa mwitu! Ni ule mwingine!"

"Mwingine gani?" Parmuat akauliza. "Huyo sina yeye kwa Kimaa."

"Wa baridi! Mwambie wa nchi ya baridi!"

Parmuat akamwambia. Nadhani alisema osuyiani mwenye baridi, maana mzee alinitazama kama mtu anayechezewa na watoto, akazidi kusogea. Nikaona yule mama na shuka lake, nikaona kwamba mimi na midomo yangu ndio tumeleta kifo pale.

Basi nikaacha kusema. Nilichuchumaa nikampa Sista ubavu, nikanyoosha mgongo wa mkono. Alikuwa anatetemeka. Nilingoja. Pua ya baridi ikaja, na mimi mwenyewe nikatulia. Nikainua mguu wake wa mbele polepole.

"Mzee, umefuata nyayo za osuyiani maisha yako yote. Mguu wake wa mbele uko aje?"

Alisimama. Aliinama, rungu kwapani, akashika mguu wa Sista kwa vidole viwili. Upande wa ndani, juu kidogo, mbwa ana kidole kingine kidogo kisichogusa chini. Akakigusa. Akafunua shuka, akaokota kitoto kimoja, akaangalia, akaweka, akaokota kingine. Wote walikuwa nacho.

"Osuyiani hana hii," akasema mwishowe. Kisha akamwambia Nasieku jambo kwa upole, na Nasieku akaanza kupumua.

Lakini kitoto cha nne mzee hakukiweka chini. Kilikuwa cha rangi ya mchanga, chembamba, masikio yamesimama. Kidole kilikuwa nacho, ila hakikufanana na nduguze. Akanipa nikipime. Niliweka vipande vya ugali chini, nikanyoosha kidole. Watatu walienda wakijikwaa. Huyu alikaa akaangalia kidole changu.

"Na huyu?" mzee akauliza.

"Sijui, Mzee."

"Basi enda ujue. Huyu nitangoja jibu yako. Lakini akigusa mbuzi, sikungoji."

Nilichukua mate ya wote. Kurudi Kitengela sanduku nililipakata mwenyewe.

Siku Halima aliponipigia nilikuwa naosha vyombo. Kumbe watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Watatu walikuwa wa mbwa wa kawaida. "Huyo wa nne," akasema, "baba yake ni yule mbweha wa rangi ya dhahabu. Na unajua yule si mbweha, Nafula. Sisi wote tulifundishwa hivyo, lakini wasomi walipomsoma vinasaba walimkuta upande wa mbwa mwitu. Wale wa kweli, ndugu za babu wa mbwa. Miaka yote yuko hapa kwetu, anatembea na jina la mtu mwingine."

Nilikaa chini na mikono yangu ya sabuni. Kwa hiyo kile kitoto kimoja, katika mbwa wote niliowahi kuwagusa, ndicho ambacho baba yake alikuwa mbwa mwitu kweli. Na neno hilo ndilo ningepeleka kwa mtu mwenye rungu?

"Sema ni mbweha tu," Parmuat alinishauri tukiwa njiani kurudi kwa mzee. "Mzee anajua mbweha." Upeo ulikuwa umejaa vumbi la dhahabu, na twiga wawili walisimama ndani yake bila miguu. Nilitamani barabara isiishe. Ningeweza kusema mbweha. Ningeweza kusema sijui. Lakini mzee alikuwa amengoja, na mtu aliyekungoja kwa uaminifu unamdanganyaje?

Nasieku alitupokea langoni. Alisema kile kitoto hakikuwahi kulala ndani ya boma na wengine. Kililala nje ya ua wa miiba. Kila jioni alikiwekea ukoko wa ugali pale penye pengo. Mwanzoni kilikuja yeye akishaondoka. Baadaye kilikuja akikipa mgongo. Sasa kilikuwa kinakula yeye akiwa amesimama pale pale. Jina hakikuwa nalo, kwa sababu mzee alikataza mtu kukipa jina mpaka ijulikane kitaishi.

Nilimsikiliza nikasahau nilichokuja kufanya. Miaka yote hiyo nikitafuta ule mwanzo kwenye mate, na kumbe mama mmoja alikuwa anaufanya na sufuria yake.

"Takwenya," mzee akanisalimu.

"Iko," nikaitikia kwa Kimaa.

"Damu ilisema nini?"

"Mzee, baba yake ni wa kule nje," nikasema. "Si osuyiani. Ni ule mdogo, rangi ya nyasi kavu, anayetembea na mke wake wawili wawili."

Parmuat akatafsiri. Mzee alimjua. "Huyo naye hubeba vitoto vya mbuzi."

"Ni kweli, Mzee. Hubeba."

Nasieku alifumba macho. Mzee akatazama pengo la miiba, ambako yule kijana wa rangi ya mchanga, sasa ameshaota miguu mirefu, alikuwa amekaa nusu ndani nusu nje. "Na yeye mwenyewe? Ni wa kule ama wa hapa?"

"Damu haisemi hiyo, Mzee. Inasema alikotoka. Yeye mwenyewe bado anaamua."

 Kisha akamwomba Nasieku ukoko, akaurusha upande wa ndani, akauonyesha kwa rungu. Mnyama akaangalia rungu. Ah, nikasema moyoni, imekwisha. Mzee akaonyesha tena, na yule akaangalia rungu tena, manyoya ya shingoni yamesimama.

Mzee Lemayian akalitazama lile rungu kama ndiyo kwanza analiona. Akaliweka chini nyuma yake. Akachuchumaa, akampa ubavu, bila kumtazama, akanyoosha kidole kitupu. Tukangoja. Nzi walikuwa wanalia, mbuzi wanakohoa, jua limetulia juu yetu. Nilingoja mpaka nikasahau nangoja. Yule kijana aliangalia kidole. Aliangalia uso wa mzee, kwa muda mrefu. Halafu akapita pale penye pengo, akaenda kwenye ukoko, akala.

"Wou," mzee akaita, njoo kwa Kimaa, kwa sauti ya chini, mkono bado umenyooshwa. "Wou, oldia."

Nasieku alikuwa analia waziwazi. Nilimgeukia Parmuat. Alikuwa ametafsiri kila kitu tangu tufike, lakini hapo alikuwa anapangusa pua tu. Oldia, mbwa wa nyumbani, hilo neno hata mimi nililijua.